Breki za Nyuma za Bi Mkunga

Uhakika aliliona lile gari akiwa juu ya pikipiki yake, akasimama ghafla katikati ya barabara, na msukuma mkokoteni aliyekuwa nyuma yake akamporomoshea matusi yaliyogusa vizazi vitatu vya ukoo wake. Hakuyasikia. Macho yake yalikuwa yameshaingia getini. Ndani ya ua uliofagiliwa, kwenye kinjia cha saruji kilichopanda kuelekea barazani, palikuwa na gari dogo jeupe la miaka mingi, la gia za mkono, na kwenye kioo cha nyuma pamebandikwa kipande cha boksi: LINAUZWA, ULIZA NDANI.

Mtu mwingine angeona gari kuukuu. Uhakika aliona mke.

Hapa yafaa tumweleze bwana huyu, maana yeye mwenyewe hawezi kujieleza bila kuongeza chumvi. Alikuwa dalali wa magari yaliyochoka. Jina la Uhakika alipewa mtaani kwa kuwa hakuna neno lililomtoka bila kutanguliwa na "nina uhakika", hasa pale alipokuwa hana. Ukimwita mwizi alikasirika kweli. Mwizi huja kuchukua. Uhakika alikabidhiwa, akashukuriwa, na akasindikizwa hadi getini.

Elimu yake ya ufundi ilikuwa fupi. Alifanya kazi gereji moja, akafukuzwa akiwa amejifunza jambo moja tu, lakini hilo moja alilijua barabara. Magari ya zamani huwa na breki za dramu nyuma: bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake viatu viwili vya breki vinavyotanuka kulibana. Kwa upande wa ndani kuna kitundu kilichozibwa kwa mpira. Ukiuchomoa mpira na kuingiza bisibisi, utagusa kijigurudumu chenye meno. Ukikizungusha huku, viatu vinasogea karibu na dramu na breki inashika. Ukikizungusha kule, vinajitenga, pedali inazama, na hendibreki utaivuta mpaka begani gari lisijali. Mafundi wa dunia nzima hukizungusha huku. Uhakika alikizungusha kule, kisha akamwita mwenye gari aje kushuhudia msiba. Gari likishauzwa kwa bei ya huruma, alikata kona ya kwanza, akakikaza tena, na marehemu akafufuka.

Safari hii lakini hakutafuta faida. Alikuwa amependa, na amependa vibaya. Binti mwenyewe alifundisha alama za barabarani katika shule ya udereva ya baba yake, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza Uhakika mpaka mwisho wa maelezo yake, kisha akauliza kwa upole, "Na ukweli je?" Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Uhakika alitamani aulizwe swali hilo mpaka azeeke.

Kikwazo kilikuwa baba mtu, aliyeitwa Mwalimu na kila aliyewahi kushika usukani mjini humo.

"Wewe umeuzia magari nusu ya mji," Mwalimu alimwambia, "na nusu hiyo bado inakutafuta. Maneno yako sitaki. Niletee gari moja la kufundishia. Nitalipandisha kwenye mlima wa pale shuleni, nizime injini, nivute hendibreki, niondoe mguu. Likisimama, leta wazee wako tuzungumze. Likirudi nyuma, usinipitie tena mlangoni."

Na hendibreki, msomaji ameshaelewa, huvuta breki za nyuma. Kwa hiyo Uhakika alihitaji gari lenye breki za nyuma nzima, na alihitaji mwenye nalo aamini kwamba ni mbovu. Alishusha pumzi, akapiga hodi.

Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ule ilipokelewa na mikono yake, na wote aliwaita wanangu kwa sauti ya kuwakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewaona uchi kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka gari au unataka maji? Wengi wanaosimama hapo hutaka maji."

"Nataka kukupunguzia mzigo, mama. Nina uhakika gari hili limekuchosha."

"Hapo hujakosea. Macho yameanza kunitupa mkono, na madereva wa siku hizi hawana subira na mzee. Funguo hizo, lijaribu."

Uhakika akapanda. Pedali ilikuwa juu, ngumu chini ya mguu. Alilisogeza mpaka katikati ya kile kinjia kilichopanda, akavuta hendibreki, ikalia mara mbili tatu tu, na gari likaganda palepale. Moyo wake uliruka. Uso wake, uliozoea kazi, ulinuna.

"Hmm," akasema. "Mama, kadi ya gari ipo?"

"Ipo ndani kabatini. Unipe muda, magoti yangu hayapendi kuharakishwa."

Bi Mkunga akaingia ndani. Barazani alibaki mpangaji wake, fundi cherehani, ameinamia koti la mtu. Uhakika akazunguka upande wa pili wa gari, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akajilaza chini kama anayetafuta sarafu, akachomoa mpira, akaingiza bisibisi. Fundi aliyemaliza masomo yake angejiuliza kwa nini kile kijigurudumu cha meno kilikuwa kimekazwa karibu kufika mwisho. Uhakika alizungusha tu kule, kushoto kwanza na kulia baadaye, akarudisha mipira, akaliacha gari kwenye gia, akaondoa jiwe na kujikung'uta vumbi. Dramu yenyewe hakuifungua. Maishani mwake hakuwahi kufungua dramu yoyote.

Bi Mkunga aliporudi na kadi, alikuta msiba umeshatandikwa.

"Kaa hapa kando yangu, mama, tujaribu tena. Breki za nyuma ni wanafiki, mara ya kwanza hujipendekeza."

Pedali ikazama. Hendibreki ikapanda, ikapanda, ikakaribia kumgusa kidevu. Gari likateremka taratibu kuelekea getini hadi alipolizuia kwa gia.

"Ehe," akasema Bi Mkunga. "Makubwa haya."

Hapo Uhakika akafanya jambo ambalo alilifanya kila mara, kwa kuwa msiba hauna uzito bila waombolezaji. "Fundi," akamwita mshona nguo, "hebu njoo na wewe usikie, mama asije akadhani namtisha." Fundi cherehani akaja na futi yake shingoni. Uhakika akasafisha koo.

"Nina uhakika viatu vya breki vimelika mpaka chuma. Kile kisilinda kinachovisukuma kinavuja mafuta, upande wa kushoto. Na dramu," hapa akatua kidogo, kwa sababu uongo mzuri nao huhitaji kupumua, "dramu ya kushoto ina ufa."

"Umeuonaje ufa na hujafungua?" akauliza Bi Mkunga.

"Kwa sikio, mama. Chuma chenye ufa kina mlio wake."

"Mimi sikusikia mlio," akasema fundi cherehani.

"Wewe sikio lako limezoea uzi, ndugu yangu."

Bi Mkunga alivua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga yake. "Kwa hiyo unaniambia, huyu akisikia, kwamba breki za nyuma za gari langu hazifai kabisa?"

"Hazifai, mama. Ningekuwa mtu mbaya ningekuficha."

"Na mtu akilichukua hivyohivyo, akijua, ni shauri yake?"

"Shauri yake mwenyewe. Asimlaumu mtu."

"Basi nani atalitaka, mwanangu?"

"Mimi nitalichukua kwa ajili ya vipuri. Si biashara hii, ni utu."

"Fedha sitaki. Fedha nikiwa nayo ndugu zangu hupata habari kabla yangu. Nipe ile pikipiki."

Uhakika alisita. Pikipiki ile ilikuwa mali yake yote: matairi mapya, vioo vyote viwili, na kiti alichokishonesha upya. Lakini akamfikiria binti. Akauona mlima wa Mwalimu na gari limetulia juu yake. Gari zima kwa pikipiki moja. Hata mjinga angeona haya kupokea.

"Sasa mama, wewe na pikipiki wapi na wapi?"

"Nimezalisha wanawake wa bondeni na wa kilimani kwa pikipiki," alijibu Bi Mkunga, "wakati baba yako bado anafungiwa viatu." Akakaa juu yake, akaipiga teke moja, ikawaka. Kadi zikabadilishwa, fundi cherehani akashuhudia, na Uhakika akasindikizwa hadi getini kama kawaida yake.

Kwenye kona ya kwanza alisimama, akajilaza chini, akakaza. Pedali ikarudi juu. Akaendesha mji mzima akiimba. Gari halikumlalamikia njiani, kwa kuwa barabarani breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa, na za mbele zilikuwa na afya. Za nyuma huulizwa mlimani.

Mlimani Mwalimu alikuwa anasubiri na darasa zima la wanafunzi, waliopangwa pembeni ya njia. Mwalimu alikuwa mtu wa kufunga mkanda hata kwenye gari lililozimwa. Alikaa, akafunga mkanda, akarekebisha vioo, akapanda mpaka katikati, akasimama, akazima injini, akavuta hendibreki, akaondoa mguu.

Gari likasimama.

Wanafunzi wakapiga makofi. Binti, aliyekuwa mlangoni mwa ofisi, alimtazama Uhakika na kutabasamu, na Uhakika akaanza kupitisha majina ya wajomba zake kichwani, akitafuta ambaye hana kesi. Alikuwa amefika kwa mjomba wa pili aliposikia mlio mdogo, tiki, na gari likaanza kurudi nyuma.

Lilirudi polepole, kwa heshima. Mwalimu akavuta hendibreki zaidi, ikapanda mpaka ikasimama wima. Akakanyaga pedali, kisilinda cha kushoto kikatema mafuta yaliyobaki, na pedali ikalala sakafuni. Alichofanya baadaye wanafunzi walikisimulia kwa miaka: aliwasha taa ya kuonyesha upande, akageuza shingo nyuma kama anavyofundisha, akashika usukani kwa mikono miwili na kupita mbele ya darasa lake lote kinyumenyume, hadi gari lilipojikita kwenye lundo la mchanga wa wajenzi.

"Baba, umeumia?" Binti alikuwa ameshafika mbio.

"Sijaumia. Nimeaibika. Leteni jeki."

Mbele ya wanafunzi wake, Mwalimu akafungua gurudumu la kushoto, akaigonga dramu kwa nyundo mpaka ikatoka. "Leo tunajifunza breki za nyuma," akasema. "Sogeeni. Hivi viatu vimelika mpaka chuma. Kisilinda hiki, mnaona unyevu, kinavuja. Na hapa, pita na kidole chako, wewe, kuna ufa."

Uhakika aliinama kutazama. Ule ufa alikuwa ameubuni mwenyewe asubuhi ile, kwa kichwa chake, na sasa ulikuwa umekaa kwenye chuma, mrefu kuliko alivyousema.

Kilichofuata hakukitarajia. Mwalimu alimshika bega, tena kwa upole. "Kijana, umeibiwa. Mimi nilidhani wewe ni tapeli, kumbe ni mjinga tu. Mjinga anafundishika. Nani kakuuzia?"

"Mzee, tumwachie Mungu."

"Mungu ana kazi zake. Panda gari la shule, twende."

"Ni mama mtu mzima, mzee, mkunga, tumsamehe tu."

"Mkunga anayeuza gari la kuua watu? Twende upesi."

Wakaenda, Mwalimu kwenye usukani, Uhakika kando yake akiwa mdogo ndani ya shati lake, binti nyuma. Walimkuta Bi Mkunga uani anaipangusa pikipiki. Mwalimu aliamkia kwa adabu, kisha akaeleza kwa ukali jinsi mama huyo alivyomuuzia kijana gari lisilo na breki, akiwa anajua.

Bi Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba, unanionea. Mimi najua kuzalisha, breki sizijui. Huyu mwanangu ndiye aliyenifumbua macho. Fundi, hebu njoo useme ulichosikia."

Fundi cherehani akaja na futi yake shingoni, akafumba macho kidogo. "Alisema ana uhakika viatu vya breki vimelika mpaka chuma. Kisilinda kinavuja, kushoto. Dramu ya kushoto ina ufa, aliusikia kwa sikio. Na anayelichukua akijua, ni shauri yake."

Mwalimu aligeuka taratibu.

"Kijana. Ulijua?"

Tumhurumie Uhakika dakika hii, maana hatutapata nafasi nyingine. Akisema alijua, basi alimpandisha baba wa mchumba wake mlimani kwenye gari la kumuua. Akisema hakujua, basi alimdanganya bibi wa watu ili amnyang'anye gari lake. Maisha yake yote alikuwa na maneno mengi ya kuchagua, na leo yamebaki mawili, yote yana kitanzi. Akamtazama binti.

"Na ukweli je?" akauliza binti, bila kugomba.

"Nilidanganya," akasema Uhakika. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

"Ulidanganya nini?" akauliza Mwalimu.

"Kwamba breki ni mbovu."

"Lakini ni mbovu."

"Ndiyo, mzee, lakini sikujua. Mimi ndiye niliyezilegeza ili zionekane mbovu. Nilidhani ni nzima."

"Na ufa?"

"Niliubuni."

"Ulibuni ufa, tena wa kushoto, ukaukuta kushoto?" Mwalimu alitikisa kichwa. "Usinifanye mtoto. Wewe uliyajua yote."

"Hata mimi," akasema fundi cherehani, "nilikuwa na mashaka na sikio lake, lakini leo namtaka radhi."

"Mimi namwamini, baba," akasema binti.

Moyo wa Uhakika ukapaa. Hakuna siku aliyowahi kusema kweli akaaminiwa, na aliyemwamini ni yeye hasa.

"Huyu hajui breki," binti akaendelea. "Angejua, angekimbia kabla hujapanda. Alilegeza gari alilodhani ni zima, mama huyu alitoe kwa bei ya huruma." Akamgeukia. "Ungekuwa unajua, ningewaachia polisi. Hukujua, kwa hiyo uamuzi ni wangu. Ulikuja kumwibia bibi wa watu ili baba yangu akuone mkweli."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana siwezi."

Alisema hivyo akiwa na machozi, na hakuyaficha. Mwalimu, ambaye bado hakuwa ameelewa hesabu yenyewe lakini aliielewa sura ya mwanawe, akamfungulia mlango wa gari. Wakafunga mikanda wote wawili, taa ya upande ikawaka, wakaondoka.

Uhakika akakaa kwenye ngazi ya baraza. Aliumia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Fundi cherehani alirudi kwenye koti lake. Bi Mkunga akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai, akamwekea mkononi, na kuketi kando yake.

"Pole mwanangu. Yule mzee hakuumia?"

"Hakuumia."

"Afadhali. Niliomba asiumie mtu." Akatazama getini. "Nilikuona nikiwa dirishani, ulipolala chini ya gari na bisibisi."

Uhakika akageuza kichwa.

"Nilikuwa nimemwambia fundi wangu wa magari azikaze breki mpaka mwisho, ili zishike zikiwa baridi, maana zikipata moto huachia," Bi Mkunga akaendelea kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza namna ya kufunga kitovu. "Wewe ukaja ukazilegeza. Nikasema, huyu hapa ndiye niliyekuwa namsubiri."

"Kwa nini mimi? Kuna watu wengine walikuja?"

"Wengi tu. Watu waaminifu, walijaribu, gari likashika, wakataka kulipa palepale. Nikawafukuza wote. Mtu mwaminifu humuuzii gari bovu, mwanangu. Kesho atarudi na wazee, na mjumbe, na haki yake. Wewe ungerudi kusema nini?"

Uhakika alikunywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi, ya kumpa mtu aliyepoteza damu.

"Nirudishie basi pikipiki, mama."

"Hilo halipo." Bi Mkunga akamwacha anywe tena. "Ila nina jokofu ndani. Limekaa, halipoozi hata maji. Nalo linatafuta mtu."

Uhakika alitazama ile njia waliyopita binti na baba yake. Alijua vizuri kwamba mtu mwenye moyo uliovunjika angepaswa kusimama sasa hivi, arudishe kikombe, ashukuru na aende zake. Akamalizia chai.

"Taa ya ndani inawaka?" akauliza.

"Inawaka vizuri sana," akasema Bi Mkunga.